Mama Mmoja, Skrini Tatu

Sisi ni ndugu watatu wa tumbo moja, tulioachana njia tangu miaka ya tisini. Mkubwa wetu yuko Muscat, wa kati yuko Leicester huko Uingereza, na kitinda mimba yuko Toronto, Kanada. Tumezoea kusoma katika kurasa hizi habari za misiba na harusi, karatasi za uhamiaji na bei za tiketi za kwenda nyumbani. Safari hii tunaomba nafasi tueleze ugomvi wetu wenyewe, kwa kuwa tunaamini wako wengi humu wenye ugomvi kama huo na hawajui chanzo chake. Tuligombana juu ya rangi ya marehemu mama yetu. Chanzo, kama tulivyokuja kugundua, kilikuwa skrini za kompyuta zetu. Tuseme sehemu ya chanzo. Sehemu nyingine ilikuwa ndani yetu.

Mama alifariki Tanga mwaka 2021, wakati ambao safari zilikuwa ngumu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi mazishi. Tulisoma hitima kila mtu kwake, simu ikiwa mezani. Baada ya mwaka na nusu tukakubaliana kwamba kila nyumba iwe na picha yake moja nzuri, na ya nne apelekewe Mama Mdogo, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa bibi. Mkubwa wetu alisema yeye hatundiki picha ukutani, ataiweka ndani ya albamu, na hilo halikuleta ubishi.

Picha tuliyoichagua ilipigwa mwaka 1981. Mama amesimama mlangoni pa nyumba yetu ya Ngamiani, nyuma yake ukuta wa chokaa, amejitanda kanga, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango. Anakaribia kucheka lakini bado hajacheka. Aliyeipiga ni mjomba wetu aliyekuwa baharia. Alikuja likizo na kamera, akaondoka na filamu, akaisafishia katika bandari mojawapo ya mbali, kisha akaileta picha ndani ya barua. Negativu haikuonekana tena. Kwa hiyo katika dunia nzima iko karatasi moja tu, ndogo, ya kuenea kiganjani, na sisi tulimjua mama kijana kwa karatasi hiyo peke yake.

Wa Leicester ndiye aliyekuwa nayo. Akaiskani kwa nukta 600 kwa inchi, akaturushia kwenye simu, nasi tukaifungua kwenye laptopu. Majibu yalikuja kabla ya Isha. Wa Toronto aliuliza, "Mbona mama mwekundu?" Mkubwa wetu akaandika, "Mwekundu wapi? Mweusi mno huyu, sura haionekani." Mwenyewe aliyeiskani akashangaa wote wawili, kwani kwake mama alionekana amepauka kidogo. Basi kila mmoja akafungua programu ya kuhariri picha, akamrekebisha mama kwa jinsi alivyomwona, akairudisha kwa wenzake, nao wakaona imeharibika zaidi, wakairekebisha tena. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Baada ya mizunguko mitatu mama alikuwa na uso wa mtu aliyepakwa rangi.

Ndipo kila mtu akaamua kufanya lake. Wa Leicester akapeleka faili lake dukani kusafishwa. Picha zikarudi na kiza. Macho ya mama yalizama, na mikunjo ya kanga kifuani ikawa doa moja jeusi. Mkubwa wetu naye akasafisha lake huko Muscat, na mama akatoka mweupe kama unga wa muhogo. Nakala moja ya hiyo ikapata msafiri ikafika Tanga. Mama Mdogo akapiga simu, akashukuru kwa adabu zote, kisha akasema, "Picha nimeipata, wanangu. Kanga naijua. Mwenye kanga simjui."

Neno hilo lilituchoma. Katika kujitetea, mkubwa wetu akasema kwamba amemng'arisha mama kwa sababu "mama hakuwa mweusi hivyo." Wa Toronto akauliza, "Hivyo, maana yake nini?" Hakujibiwa. Tukakaa karibu mwezi mzima bila kusemeshana, isipokuwa salaam ya Ijumaa.

Wasomaji waliokulia pwani wanajua uzito wa swali lile. Sisi tulilelewa na mashangazi waliokuwa na msamiati mzima wa ngozi: huyu mweupe, yule maji ya kunde, yule mweusi tii. Mtoto akizaliwa, sikio lake lilitazamwa kabla hajapewa jina, eti rangi ya ncha ya sikio ndiyo atakayokuwa nayo ukubwani. Mama yetu wengine walimwita maji ya kunde, wengine mweusi wa kupendeza, na hilo neno "wa kupendeza" liliongezwa kana kwamba ni dawa ya neno lililotangulia. Tulidhani mambo hayo tuliyaacha Tanga, kumbe tuliyapakia mizigoni.

Aliyetutoa katika ukimya ni jirani wa Leicester, mpigapicha wa harusi, aliyeonyeshwa ile picha yenye kiza na faili lake. Hakuitazama picha sana. Aliitazama laptopu. Akauliza, "Hii imepimwa lini?" Wa kati wetu hakuelewa swali. Tangu lini kioo cha kompyuta kinapimwa?

Tulipoelezana neno hilo kwa simu, tukakumbuka kibaba. Sokoni mchele ulipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne ndivyo pishi moja. Lakini kila muuzaji alikuwa na chombo chake, mwingine kopo la maziwa, mwingine kopo lililobonyezwa chini. Wote walisema "kibaba" na wote walikuwa wakweli kwa makopo yao. Mama alikuwa na kopo lake mwenyewe ndani ya kikapu, akifika anamwambia muuzaji amimine humo. Sisi tulikuwa tunapima ngozi ya mama kwa makopo matatu tofauti, kisha tunatuhumiana wizi.

Kompyuta haihifadhi rangi, inahifadhi namba. Kila nukta ya picha ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Shavu la mama ni namba tatu. Namba zile zilikuwa zilezile Muscat, Leicester na Toronto. Ila skrini ndiyo inayoamua namba 120 ya nyekundu ing'ae kiasi gani, na kila skrini inaamua kivyake, kwa jinsi ilivyotengenezwa, umri wake na vile mwenyewe alivyoiweka. Printa nayo ina maamuzi yake, na karatasi ina yake. Ndiyo maana mwaka 1993 makampuni manane yalikaa pamoja yakaunda shirika la ICC, wakakubaliana namna ya kuandika faili dogo linaloitwa profaili. Faili hilo linaieleza kompyuta tabia ya skrini fulani au printa fulani, ili iweze kutafsiri namba kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Bila profaili ya kweli, kila chombo kinasema lahaja yake na hakuna mkalimani.

Tukajikagua mmoja mmoja. Wa Leicester alikuwa anahariri usiku, taa imezimwa ili watoto walale, mwanga wa skrini umepandishwa hadi mwisho. Katika giza lile mama alionekana anang'aa, naye akamshusha. Karatasi haina taa ndani yake, kwa hiyo dukani ikatoka kiza. Mkubwa wetu alikuwa anahariri mchana karibu na dirisha, na jua la Muscat mnalijua. Laptopu haikuwa imechomekwa kwenye umeme, na kwa kubana betri ilikuwa imejipunguzia mwanga yenyewe. Akamwona mama amezama gizani, akampandisha, na karatasi ikatoka unga wa muhogo. Wa Toronto alikuwa na ule mpango wa usiku unaoipa skrini umanjano na wekundu ili macho yasichoke. Aliuwasha zamani, akausahau. Kwa miezi mingi alikuwa anaiona dunia nzima kwa rangi ya magharibi.

Basi tukachanga pesa tukanunua kipimo kimoja cha rangi. Ni kidude kidogo cha kuenea mkononi, chenye waya wa USB, na upande mmoja kina jicho. Kilianzia Leicester, kikasafiri na binamu hadi Muscat, kisha kikapelekwa Toronto kwa posta. Kazi yake tutaieleza hatua kwa hatua, maana kuna wasomaji watakaotaka kufanya hivyo nyumbani.

Kwanza, laptopu ichomekwe kwenye umeme na iachwe imewaka nusu saa, ili mwanga wake utulie. Pili, zimeni kila kitu kinachobadilisha rangi bila ruhusa yenu: mpango wa usiku, mwanga unaojipandisha na kujishusha kufuata chumba, kubana betri, na zile rangi "kali" ambazo kiwanda kimeweka ili skrini ivutie dukani. Tatu, funga pazia, jua au taa isipige juu ya skrini. Nne, fungua programu iliyokuja na kipimo uchague shabaha. Sisi tulichagua weupe wa kelvini 6500, gama 2.2, na mwanga wa kandela 100 kwa mita ya mraba. Hiyo kandela ndiyo inayowashinda wengi. Laptopu nyingi zinaweza kutoa kandela 250, 300 na zaidi, na huko ndiko watu wanakoziacha. Kwa kazi ya karatasi, baina ya 80 na 120 inatosha, kwa kuwa karatasi katika chumba cha kawaida haing'ai zaidi ya hapo. Ukihariri kwenye skrini yenye mwanga wa taa ya gari, usishangae picha zikirudi usiku.

Baada ya hapo unakilaza kipimo juu ya skrini, jicho likitazama ndani, unainamisha skrini nyuma kidogo ili kikae vizuri. Programu inaonyesha vipande vya rangi kimoja kimoja: nyeupe, kijivu, nyekundu, kijani, buluu, na vingine vya katikati. Kipimo kinasoma kila kimoja kama kilivyo hasa, programu inalinganisha na ilivyopaswa kuwa, na mwisho inaandika profaili. Dakika chache tu, kazi imekwisha. Skrini huhama taratibu kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo mwenye kazi nyingi hupima tena kila mwezi. Sisi tulipima kwa ajili ya mama.

Mkubwa wetu alipomaliza alipiga simu kwa hasira, akasema kidude kimemharibia laptopu, kila kitu kimekuwa cha njano. Haikuwa imeharibika. Wengi wetu tumewahi kuona kanzu ikitiwa bluu ya kufulia. Ule ubuluu kidogo ndio unaoidanganya macho yaione nyeupe kuliko nyeupe. Skrini nyingi za laptopu hutoka kiwandani zimetiwa bluu namna hiyo, na mtu aliyezoea kanzu ya bluu akionyeshwa pamba yenyewe huiona ya njano. Tulimwomba asiguse kitu, aisome barua yake ya kila siku kwenye skrini ileile, atupigie kesho. Kesho yake akasema imekuwa nyeupe. Skrini haikubadilika usiku ule. Macho yake ndiyo yaliyobadilika.

Leicester kulikuwa na tatizo ambalo kipimo hakikuliweza. Laptopu yake ni ya zamani, skrini yake ni ya aina ya TN, ambayo ukiinua kichwa kidogo picha inapauka, ukikishusha inakuwa kiza. Kupima hakuongezi rangi ambazo skrini haina, kama vile kurekebisha mizani hakuongezi mchele. Laptopu ya Toronto ilikuwa na skrini ya IPS, ambayo haiyumbi sana ukiitazama kwa pembeni. Tukakubaliana kwamba uhariri wa mwisho utafanyika huko, na wengine tutakuwa mashahidi.

Siku tuliyofungua faili la asili pamoja, kila mmoja kwake, lilitumwa kama waraka na si kama picha, maana programu za simu huibana picha na kuipunguza. Tukanyamaza kidogo. Wa Leicester akauliza, "Mnaonaje?" Tukajibu kwa pamoja kwamba mama ni mwekundu. Wa Toronto akacheka, "Si nilisema!" Alikuwa amesema kweli kwa sababu isiyo ya kweli. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu lile neno "hivyo".

Ila sasa tulikuwa na swali gumu zaidi. Skrini zilikuwa zinatuambia ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa kwamba karatasi imechuja. Picha ya rangi ya zamani ilitengenezwa kwa tabaka za rangi tatu, ya njano, ya majenta na ya sayani, ambayo ni buluu yenye ukijani. Katika karatasi nyingi za miaka ile, hata zikifichwa ndani ya bahasha gizani, sayani ndiyo hutangulia kufifia, na inayobaki ni picha yenye wekundu. Miaka arobaini ndani ya bahasha ilikuwa imemla mama sayani yake. Kuirudisha kulikuwa juu yetu, na kurudisha ni kukisia, na kukisia ndiko kulikotugombanisha.

Ukuta wa chokaa ulisaidia. Tulijua chokaa ni nyeupe, au karibu na nyeupe, kwa hiyo tulisawazisha mpaka ukuta ukakosa wekundu. Weupe wa kanga nao ukakubali. Lakini ngozi haina chokaa. Hata ukuta ukiwa sawa, uso uling'ae kiasi gani?

Hapa mkubwa wetu akatuambia jambo ambalo lilimgharimu kulisema. Alisema ile siku ya dirishani, kweli jua lilikuwepo na betri ilikuwa chini, lakini hata alipomwona mama ameonekana vya kutosha, mkono wake uliendelea kusukuma. Alikuwa anafikiria wageni watakaofungua ile albamu. Sisi wengine wawili hatukumlaumu, kwa kuwa tulipojitazama tuliona na sisi tuna mikono inayosukuma. Wa Toronto alikiri kwamba yeye alikuwa anamvuta mama kwenye weusi zaidi, kumkomoa kaka. Mama wa watu amekuwa kamba ya kuvutana.

Na tuseme pia kwamba mkono unaosukuma haukuanza na sisi. Kwa miaka mingi maduka ya kusafisha picha huko Marekani na kwingineko yalisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizoitwa "Shirley", zenye picha ya mwanamke wa kizungu. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Nyuso zetu hazikuwemo katika kipimo. Mtafiti Lorna Roth wa chuo kikuu cha Concordia, Montreal, aliandika juu ya kadi hizo mwaka 2009. Alieleza kwamba moja ya mambo yaliyosukuma filamu iboreshwe kwenye rangi za kahawia ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na watengeneza samani, waliotaka aina za mbao zao zitofautiane pichani. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya tisini. Tulisoma hayo tukamkumbuka mjomba na filamu yake iliyosafishwa katika bandari ya mbali. Hatuwezi kujua mashine ile ilisawazishwa kwa uso wa nani. Kwa upande mwingine tulifarijika kujua kwamba ile kadi maarufu ya rangi 24, iliyotolewa mwaka 1976 na ambayo wapigapicha wanaitumia hadi leo, mraba wake wa kwanza kabisa ni ngozi nyeusi, na wa pili ndio ngozi nyeupe.

Mwaka 2023 wa Leicester alipata likizo ya kwenda nyumbani. Tukaamua aende na vipande vya majaribio. Wa Toronto alitengeneza vipande vitano vya uso wa mama na bega lenye kanga, kuanzia chepesi hadi kizito, vyote ukuta ukiwa mweupe uleule. Vilisafishwa kwa karatasi moja na katika duka moja, tukatumia profaili ya karatasi ya duka hilo kutazama kwenye skrini matokeo kabla ya kuchapa. Tukawaomba wazime ile hesabu ya mashine inayojirekebishia picha za wateja, kwani hiyo nayo ni mkono mwingine unaosukuma. Nyuma ya kila kipande tukaandika namba kwa penseli.

Mama Mdogo alivipokea akiwa barazani. Alitaka kuwasha taa, mgeni wake akamwomba wasogee mlangoni penye mwanga wa mchana, kwa kuwa rangi mbili zinazofanana chini ya balbu zaweza kuachana juani. Akavipanga juu ya mkeka. Akacheka, "Mnanipimisha mama yenu kama kitambaa cha mshono!" Kisha akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na kanga.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili. Mama alivaa kimoja akapigwa picha. Cha pili alimpa mdogo wake, naye hakukivaa, hata pindo hakukishona. Kilikuwa sandukuni tangu wakati ule, na udi wake. Sisi hatukujua habari hiyo. Kila mmoja alidhani kanga ile imekwisha kuwa matambara. Wekundu wa kanga ya sandukuni ulikuwa mzito kuliko wa vipande vyetu vitatu vya kwanza. Vikaondolewa. Vikabaki cha nne na cha tano.

Hapo Mama Mdogo akakunja mkono wa gauni lake, akaugeuza mkono, upande wa ndani ambao jua haliupati, akaulaza juu ya mkeka baina ya vipande viwili. Akasema wao walizaliwa wawili tu, na bibi alikuwa akiwaita kwa jina moja maana kwa mbali hakuwatofautisha. Akatazama. Akagusa cha nne, akagusa cha tano, akarudi kwenye cha nne. "Huyu," akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa akinisuka." Kisha akaufunika mkono wake.

Wa Leicester alitupigia usiku ule. Alisoma namba iliyokuwa nyuma. Cha nne kilikuwa cheusi kuliko alivyokuwa anataka mkubwa wetu, na cheusi kuliko alivyokumbuka wa Leicester mwenyewe, lakini chepesi kuliko kile ambacho wa Toronto alikuwa amekipigania. Mkubwa wetu alikaa kimya kwenye simu mpaka tukadhani imekatika. Kisha akasema, "Basi nisafishieni hicho hicho. Kikubwa."

Hatudai kwamba tumeipata rangi ya mama kwa yakini. Mkono wa bibi wa miaka zaidi ya sitini si mkono wa msichana wa mwaka 1981, na kanga pichani imepita kwenye filamu, karatasi, skana na hesabu zetu. Kipimo chetu hakikumpima mama. Kilipima skrini, basi. Lakini kilituondolea visingizio vya skrini, na vilipoondoka ndipo tulipoona wazi kilichobaki, tukakizungumza kama ndugu.

Picha zilisafishwa nne, siku moja, karatasi moja, tukaziacha wazi siku nzima zikauke kabla ya kuziweka nyuma ya vioo. Nyuma ya kila moja tumeandika tarehe, jina la karatasi na namba ya kipande, ili wajukuu wakitaka kuisafisha tena wasianze kwa kugombana. Faili la asili, lile jekundu lisiloguswa, tumelihifadhi katika nyumba zote tatu.

Ombi letu kwenu ni dogo. Wengi wenu mna bahasha kama yetu, kabatini au chini ya kitanda, na sayani inaondoka humo kila mwaka. Zitoeni picha hizo mziskani. Kabla ya kumrekebisha mtu yeyote, zimeni mpango wa usiku, shusheni mwanga, na kama hamwezi kununua kipimo, changieni kimoja kama tulivyofanya, chakaweza kuzunguka mtaa mzima. Na kama yuko mama mdogo au shangazi aliye hai, mpelekeeni vipande mkononi, mchana, mlangoni. Msingoje.

Mkononi mwa Mama Mdogo picha ilipofika, hakupiga simu. Alituma ujumbe wa sauti, mfupi. "Nimempata. Nimemweka karibu na sanduku." Nyuma ya sauti yake tulimsikia muuza samaki wa Ngamiani akipita na kengele ya baiskeli.